Karatasi ya Majina ya Mito

Élisabethville, Alhamisi, 1952

Na kesho inspekta ataonyeshwa ramani yangu ya Katanga, chini yake jina la Odile, binti wa mwalimu. Niliimaliza shuleni Jumamosi. Jumatatu jina langu lilikuwa limekwanguliwa kwa wembe. Inspekta akiipenda, Odile atachukuliwa kuwasaidia masista kufundisha wadogo. Kazi hiyo niliitaka mimi.

Lakini mito niliitia namba tu. Majina yake, hata ya vijito alivyonitajia mama wa baba yangu, niliyaandika kwenye karatasi nyingine, nikabaki nayo.

Leo mwalimu alikuja mwenyewe kwetu, mtaa wa Kenya.

“Mama,” aliniita mimi kwa upole, “ile karatasi ya majina iko wapi? Inspekta atauliza.”

Niliangalia miguu yangu, kama kawaida. “Mumuulize Odile, Mwalimu. Si yeye alichora?”

Alicheka kidogo, kisha akaacha. “Usinifanyie hivyo, mutoto.”

Ninaogopa atamwambia baba. Na kazi yenyewe sitaipata.

Alipoondoka kwa karatasi ile niliwasha mbabula, jiko letu, makaa yakashika upesi. Nikapika bukari ya unga wa mahindi, nikala nikashiba.