Donge Kubwa la Udongo

Lushebere, siku ya tatu kisha kutoka hopitali

Papa Furaha wangu,

Nakusalimia na mikono miwili. Kule Kalembe munaamuka? Ule mugongo wako umetulia? Na mvua, imeacha mihogo isimame, ao imeibeba tena? Sisi tunapumua. Siandiki kama tuko wazima, utaona kwa nini. Unisamehe maandiko yangu, unajua masomo yangu iliishia wapi.

Unakumbuka nilikuambia kuko waganga wa hopitali wanafanya utafiti hapa kambini, juu ya watu wa ugonjwa wa sukari kama mutoto wetu Furaha. Wanataka kujua bugali, ndizi na viazi vyetu vinafanya nini mu damu. Vyote wanaviita jina moja, wanga. Walimuuliza hata kama ameanza kuona mwezi. Nikashituka: «Mama muganga, mwezi na bugali vinajuana wapi?» Akacheka: «Mama, mutoto mwanamuke akianza kukomaa, mwili unatoa vitu vinavyogombana na sindano yake. Njo maana tunafuata vyote pamoja.»

Kila juma mama muganga anakuja na kaye yake ya kuandikia na madonge matatu ya udongo, kadogo, ka katikati na kakubwa. Unashika lenye kufanana na bugali mutoto alikula, naye anaandika. Siku moja tulikuwa wanawake wengi kwenye mustari. Jana yake tulikuwa tumekula sombe tu, majani ya muhogo, kidogo. Nikasita. Nyuma yangu Mama Sifa, jirani yetu, ule wa mudomo, akasema: «Shika basi, mama! Ao kwako moshi ni ya kuchemusha maji tu?»

Wakacheka wote. Nikashika donge kubwa.

«Kila siku?» muganga akauliza.

«Kila siku. Asubuhi na mangaribi.»

Furaha aliniangalia. Nami nilijiambia si uongo sana, juu ulikuwa umetuma neno kama uko mu njia na unga. Nilihesabu chakula yako mbele haijafika. Muganga akapima damu, akakuta sukari iko juu, akaangalia donge, akaongeza dawa ya sindano.

Kesho yake unga haukufika. Kesho kutwa, asubuhi, nilimuchoma mimi mwenyewe, na mukono wangu huu. Nikamuambia: «Kunywa chai, papa anafika.» Chai yenyewe haikuwa na sukari. Akabeba bidon, akaenda kuchota maji.

Mama Sifa njo alikuja mbio: «Mutoto yuko chini, anatetemeka!» Na ni yeye alimutia maji ya sukari mu kinywa, sukari ya watoto wake. Ule ule niliogopa kicheko yake.

Siku mbili kule hopitali Furaha hakunijua. Sasa anasema, lakini polepole, na mukono wa kuume unaangusha kikombe. Nikiuliza kama utapona, muganga anaangalia chini. Nilimuambia ukweli wote. Hakunigombeza, na ingekuwa afazali anigombeze. Akasema tu: «Mama, sindano ile ilikuwa ya kupigana na bugali. Ikikosa bugali, inamupiga mutoto.» Akafungua kaye, akapiga mustari juu ya kurasa zangu zote.

Jana alirudi na madonge yake. Nikasema mbele ya wote: «Kwangu hakuna. Kuko kiazi kimoja cha Furaha.» Hakuna mwenye alicheka. Mama Sifa akasema: «Na kwangu hakuna.» Na mwengine nyuma yake pia.

Unisalimie mama mukwe, asikilize hii barua akiwa amekaa. Unisalimie dada yako mushonaji, Furaha anaulizia ile nguo yake ya bulu. Na muzee wa kanisa, aendelee kutuombea.

Papa Furaha, sikulaumu. Najua wewe pia ulikuwa na haya ya kusema huna kitu. Lakini kama barabara imefungwa, sema imefungwa. Kama muhogo haujakauka, sema haujakauka. Usitume tena «niko mu njia» na ungali unakaa mulangoni. Huku mutoto anachomwa sindano kufuata maneno yetu.

Ni mimi muke wako, mwenye anakungojea bila kudanganya mutu,

Mama Furaha