Kikombe Chenye Alama

Kalemie, tarehe 9 mwezi wa sita 2023

Mama yangu mupenzi, kule Kiambi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Magoti yanaendeleaje? Mihogo ilikauka vizuri? Sisi tuko wazima, na wajukuu wako wanakutaja kila siku.

Mama, wiki iliyopita hoteli yetu ilipokea watu wa mukutano wa amani kati yetu Baluba na Batwa, baada ya vita ile. Mukubwa wetu, Mama Huguette, alituonya mapema kwamba mugeni haulizwi kabila wala haangaliwi kwa jicho la pembeni. Pale mapokezi nilimuandikisha Mama Célestine, Mutwa kutoka Nyemba. Alivua viatu mulangoni asichafue sakafu. Nilimuambia avivae, hapa ni kwake. Wenzangu walinisifu.

Siku ya tatu, akinywa chai, aliona alama nyekundu chini ya kikombe chake. Akageuza vya jirani zake: havina. Alisukuma kikombe kando. Aliomba maji, akayanywa kwa viganja vyake, watu wote wakimuangalia.

Mama Huguette alimufukuza Chérubin, anayegawa chai, ambaye muke wake ana mimba. Chérubin aliapa kwamba hakuichora alama ile. Lakini hakumutaja aliyeichora.

Aliyeichora njo mimi, Mama. Niliichora kwa rangi yangu ya kucha, nikamuagiza Chérubin amupe Mama Célestine kikombe kile tu, wengine tusije tukakinywea.

Usingizi ulinikatalia. Asubuhi nilimuambia Mama Huguette ukweli, kisha nikapiga magoti mbele ya Mama Célestine. Aliniuliza jambo moja, maana Mama Huguette alimuambia habari za Papa: “Ni kwa sababu ya vita iliyomuchukua Papa yako?” Nilitamani kuitika ndiyo, maana ingekuwa nyepesi. Nikamujibu hapana, ni tangu mbele ya vita, tangu utoto wangu. Kwetu, Batwa waliotulimia walikuwa na kibuyu chao nyuma ya jikoni, na nikikigusa nilitumwa kunawa.

Alisema, “Vibuyu vile navijua, mutoto wangu. Sisi njo tulikuwa tunavinywea.”

Hakusema amenisamehe. Aliondoka na wenzake siku ileile.

Chérubin amerudi kazini. Mimi nimetolewa mapokezi, nafua mashuka, na sinung'uniki.

Sikuandikii kukulaumu, Mama. Wewe pia ulifundishwa. Lakini mwezi wa nane nitakuletea watoto wangu, na kile kibuyu bado kinaning'inia palepale. Nakuomba wasikikute.

Umusalimie kaka Ruphin na mama wote wa kanisa. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Binti yako anayekupenda,
Evodie