Jina Nililolicheka

Jumamosi, jioni. Mawingu yameufunika mlima Meru tangu asubuhi, na mimi sina raha.

Leo nilikwenda Moshono kuomba radhi. Nimerudi nikijua kosa langu ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Juzi Bwana Misionari alinipa daftari jipya la shule, akataka kila mtoto aandikwe jina na maana yake. Nikawauliza mmoja mmoja. Akasimama binti wa miaka tisa hivi, yule anayewashinda wote kusoma. Akataja jina lake kwa Kimeru, akasema maana yake ni kunguru, yule mkubwa wa mlimani mwenye baka jeupe shingoni.

Ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Kwetu Tanga tunasema kunguru hafugiki. Atakayekuoa ana kazi."

Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Msemo ule hutupiwa wanawake wasiotulia, nami nikamtupia mtoto. Jana hakuja shule.

Leo huko Moshono nilimkuta mama yake akimenya ndizi. Nikaeleza kilichonileta, kisha kwa upumbavu wangu nikaongeza kwamba akiniruhusu nitamwandika binti yake jina zuri zaidi.

Akaweka kisu chini.

"Mwalimu, kabla ya huyu nilizaa wawili. Niliwapa majina mazuri, na wote nimewazika. Huyu alipozaliwa, mama mkwe akasema tumwite kunguru, kifo kikisikia kipite zake. Nani anataka kunguru? Basi, ameishi. Kila nikimwita akaitika, ninamshukuru Mungu."

Hata kwetu pwani mtoto wa namna hiyo hupewa jina la kudharaulika, na hilo nimelijua tangu utoto. Nilishindwa tu kumuuliza binti kwa nini aliitwa hivyo. Nilijitia ujuaji kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani na wao ni watu wa bara.

"Tangu juzi," akasema, "nikimwita haitiki."

Binti alikuwa mlangoni. Aliniona, akageuza uso.

Niliona haya hata kusimama pale. Mama akaniambia radhi nisimwombe yeye huko migombani kwake, kwani matusi niliyatolea darasani.

Ni kweli. Jumatatu nitasimama mbele ya walewale niliowachekesha, niwaambie kwamba mjinga alikuwa mwalimu wao. Kisha nitaita majina. Lake nitaliita kwa Kimeru, kama alivyopewa nyumbani.

Nikiliita mimi, ataitika?