Mama, Sufuria Lako Nimeliyeyusha

Mama yangu,

Nianze na habari ambayo usingeipenda, halafu nikueleze taratibu: sufuria lako halipo tena. Nimeliyeyusha. Tulia kwanza, nisikilize.

Unakumbuka lilivyokuwa zito, na lile shimo karibu na mkono? Ulikuwa unaliziba kwa sabuni upande wa nje, unaniambia, "Usisugue hapo, utanizibulia." Mimi wa mwisho wako nilikuwa na haki yangu, ukoko. Ulikuwa unaukwangua unanitilia mkononi, lakini kwanza lazima uchungulie uani kama kuna aliyechelewa na kuuliza, "Wa mwisho ameshakula?" Kila siku. Hata tukiwa wawili tu.

Siku tuliyokuzika, wa mwisho hakula. Vyombo vya misiba vya bairo, mtaa wetu wote, vilipotea kipindi kile tulichokimbia vita, na tuliporudi hakuna aliyenunua vingine. Basi kila nyumba ilipika kwenye kisufuria chake, wanawake wanakimbizana na mabakuli vichochoroni. Mjomba alifika jioni kutoka Pundanhar, barabara imemkung'uta, vumbi mpaka kwenye kope. Chakula kimeisha. Tukampa chai, akasema ameshiba. Nilimwona akilamba sukari kwenye kijiko.

Hapo nikakosa utulivu, unanijua. Nikawa natazama video kwenye simu, watu wanayeyusha makopo ya soda wanamimina sufuria, kubwa kabisa, za shughuli. Nikaanza kugonga milango. Kila nyumba nikaacha gunia: lata za soda, mifuniko iliyopinda, miiko iliyokatika, msitupe, tutapata sufuria la misiba la bairo zima. Nikafungua ile redio yako mbovu nikatoa sumaku ya spika. Kinachonasa ni chuma, si alumini, narudisha.

Mama Rosa, jirani yetu Mmakonde, akanicheka mbele za watu. "Wee mwana wa Fatu, umekuwa mwokota makopo? Na sisi wa kanisani tutapikiwa humo?"

"Kwani nyinyi mkifiwa hamli?"

Kesho yake akaleta gunia lake limeshiba.

Nilijiona nimemaliza, magunia yamejaa ukumbini. Fundi akaja kutoka Olumbi, akachimba tanuru uwanjani, akatengeneza kalibu ya mchanga, mimi nikashika mvukuto. Mama, lata ni upepo. Gunia zima linaingia, linabaki takataka juu na uji kidogo chini. Fundi akachungulia, akatikisa kichwa.

"Haitoshi, binti. Tukimimina hivi tutapata sinia. Hakuna sufuria kuukuu, lile zito la zamani?"

Watu wakatazamana. Mimi hakuna aliyenitazama, na ndipo nikajua wote wanalifikiria lako.

Lilikuwa chini ya kitanda changu, nimetia nguo zangu ndani. Kanga zako walizichukua dada zangu, mimi nilibaki na hilo tu. Nikakaa nalo mapajani. Nikalinusa. Bado sabuni. Nikawaza siku ile, Mjomba na kijiko chake. Nikatoa nguo, nikarudi nalo kichwani.

Mama Rosa akaliona. "Hilo linalovuja?" Alitaka kucheka, akaacha. Akalipokea, akaligonga kitakoni kidogo kwa kiganja kama anabembeleza mtoto, akampa fundi. Lilikawia kuyeyuka, Mama. Nilivukuta mpaka mikono ikafa ganzi.

Sasa sufuria la bairo ni kubwa, naweza kukaa ndani. Mdomo umepinda upande mmoja, lakini halivuji. Asubuhi bado naingiza mkono chini ya kitanda nikisahau. Naumia, sitakudanganya. Ila sijuti.

Wanawake walikataa lianze kwa mtu mwingine. Limeanza kwenye hitima yako. Mjomba akachelewa tena, barabara ni ile ile. Watu wameshanawa, wengine wanavaa viatu. Akakaa mkekani, akaniambia, "Mwanangu, mimi chai tu inanitosha." Mama Rosa akasikia. Akainama kwenye sufuria mpaka mabega yakapotea, akatoka na sahani ya wali unaofuka. Mjomba akala, akaongezwa, akala. Ndipo Mama Rosa akakwangua ukoko, akanitilia mkononi.

Wa mwisho ameshakula, Mama. Lala sasa.

Kitinda mimba wako