Jina la Lachlan Kwenye Orodha

Bonde la Leven, Uskoti
Jumanne, 10 Septemba 1889

Mwanangu Lachlan,

Salamu. Sisi hapa wazima wa mwili, nawe natumaini u mzima, ingawa kwa ulivyotuondokea hustahili hata kuulizwa hali.

Yule bwana wa kofia ndefu aliyesema anauza Biblia, kumbe wakala wa timu ya Kiingereza, kaja kukuiba! Nami mjinga nikamkaribisha chai, nikamkatia na jibini. Akipita tena hapa namwagia birika zima. Wanaume wa kiwandani wanamtafuta wamtose mtoni. Yule wa mwezi uliopita walimtosa kweli, kofia yake mpaka leo haijaonekana.

Chama cha Soka cha Uskoti, kule Glasgow, kimetaka kila katibu wa timu apeleke majina ya wachezaji waliokwenda Uingereza kucheza kwa malipo, jambo ambalo huku ni marufuku. Na katibu wa timu yetu ni nani, kama si baba yako? Nilimsihi. Nikamwambia, "Malcolm, liache jina la mtoto, nani atajua?" Akanijibu, "Effie, nikiliacha la mwanangu nitaandikaje la mtoto wa jirani?" Akaliandika, tena la kwanza, na orodha imekwenda jana.

Ndiyo kusema umefungiwa, Lachlan. Huruhusiwi kucheza na timu yoyote ya Uskoti, na ile jezi ya taifa uliyoiota tangu unatambaa ndiyo basi tena. Kwa nini hukuniaga?

Ni mimi,
Mama yako


Brockden, Lancashire
6 Oktoba 1889

Mama mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, na baba pia, kama atakubali kuamkiwa na mimi. Mimi sijambo. Chakula kipo, ila uji wao mwepesi halafu wanautia sukari, Mungu awasamehe.

Nisingeweza kuaga. Ningekuona unalia ningeshusha begi palepale. Miaka tisa nimechovya vitambaa kwenye ile rangi nyekundu, mama, na mikono yangu mpaka leo haijatakata. Hapa wananiita Mchinjaji. Lakini nacheza tu, nalipwa, wala si kwa siri, maana kwao ni halali. Na hii ligi yao ni jambo jingine kabisa! Timu kumi na mbili, kila moja inakutana na mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini, na pointi zinahesabiwa mpaka mwisho wa msimu. Hakuna mechi ya kujifurahisha. Jumamosi watu elfu sita wanasimama kwenye mvua kunitukana mimi Mskoti, nikifunga goli haohao wananibeba.

La jezi sikulijua, naapa. Nilidhani Mskoti ni Mskoti popote alipo. Kapteni wetu naye katoka Dundee, Mskoti kama mimi. Nilipomwuliza alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Dogo, wewe kule umeshakufa. Sote tumekufa."

Mechi ya Uskoti na Uingereza ni Aprili, hapo hapo Glasgow. Mama, nataka kurudi. Kamati ya chama ikinifungulia leo, kesho nipo kwenye treni. Mwombe baba aniombee msamaha. Nikimwandikia mimi hatafungua barua.

Wako mtiifu,
Mwanao Lachlan


Bonde la Leven
12 Januari 1890

Mwanangu,

Mwaka mpya mwema. Hali zetu nzuri, isipokuwa kifua cha baba yako kinakoroma, na kosa ni lako, maana amekwenda Glasgow mara tatu na baridi hii.

Ndiyo, amekwenda. Mara ya kwanza walimwambia aandike. Akaandika. Mara ya pili wakamwambia barua haionekani. Mara ya tatu amekaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka mzee mmoja akatoka akamwambia, "Bwana Galbraith, si wewe mwenyewe uliyetuletea jina hili?" Akajibu ndiyo. Baba yako alinisimulia hayo huku anavua viatu, hakuniangalia usoni.

Wamesema ombi litasikilizwa mwezi wa tatu. Mpaka hapo bado umefungiwa. Nilikwenda na kiwandani, meneja akasema aliyeondoka bila kuaga harudishwi kazini. Kwa hiyo vumilia huko huko, ule, ucheze, usubiri. Sina la kukusaidia zaidi ya hilo.

Mezani baba yako bado hakutaji jina. Anasema "yule winga." Jana kasema, "Yule winga akirudi, upande wa kushoto wa Uskoti hauna mwingine." Halafu akaomba viazi.

Mama yako


Bonde la Leven
Jumatano, 5 Machi 1890

Lachlan, Lachlan, Lachlan!

Hata salamu nimesahau. Umesamehewa! Barua imefika leo, ina muhuri. Sharti ni moja tu, usichukue tena hata senti ya mpira. Tarehe 22 ni mechi ya majaribio ya kuchagua timu ya taifa, na baba yako amekwishaongea na watu, jina lako limo. Amenisomea barua ile mara nne, ya tano akanipa nijisomee, maana machozi yalimjaa akasingizia moshi.

Na amelitaja jina lako. Kasema, "Mwandikie Lachlan aje upesi." Fanya haraka, mwanangu. Nimeshatandika kitanda.

Mama yako mwenye furaha


Brockden
9 Machi 1890

Mama mpendwa,

Nakuamkia. Soma hii ukiwa peke yako.

Barua yako imenikuta kitandani. Jumamosi tarehe mosi tulicheza kwenye uwanja ulioganda. Nilimwomba meneja nipumzike, akaniambia mchezaji wa kulipwa asiyecheza hana chake hapa. Beki wao alinijia kwa miguu miwili. Mguu wangu wa kulia umevunjika mara mbili chini ya goti. Daktari anasema utaunga lakini utakuwa mfupi. Kutembea nitatembea kwa mkongojo. Mpira umekwisha, mama.

Usimwambie baba. Nakuomba kwa magoti ambayo sina. Akijua, atakumbuka kwamba kama jina lile lisingekwenda Glasgow, Oktoba ningekuwa nyumbani. Mimi simlaumu hata kidogo. Lakini unamjua, atajilaumu mpaka anaingia kaburini. Mwambie nimekataa. Mwambie nimeonja hela za Waingereza nimenogewa. Bora anichukie.

Mwanao


Bonde la Leven
14 Machi 1890

Mwanangu Lachlan,

Pole. Pole sana, baba. Nimeandika pole hii mara tatu nikachana karatasi, maana naiona haifiki hata kwenye vidole vya mguu huo.

Nimemwambia kama ulivyotaka. Nilimkuta anapaka mafuta viatu vyako vya mpira. Akauliza, "Kasema hivyo yeye mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akaviweka chini. Jana amekwenda Glasgow kuwarudishia barua yao na kuwaomba radhi kwa kuwasumbua, na ukatibu ameuacha. Aliporudi akaniambia jina lako lisisikike tena humu ndani. Nikalia. Basi akadhani nalia kwa utovu wako wa adabu, akanishika mkono akasema, "Usilie, Effie, wewe hukukosea kitu." Ananibembeleza mimi, Lachlan! Mimi!

Sasa nikuulize. Uliponiomba hili, ulifikiria utarudije nyumbani? Ukiingia mlangoni na mkongojo, ataona. Ili asijue, usije. Na mimi nikitaka kuja kukuuguza, nitamwambia nakwenda kwa nani? Nikisema kweli namuua yeye, nikinyamaza sikuoni tena wewe. Nimekaa na hilo siku ya pili leo, nafagia palepale tu.

Niambie nifanye nini. Wewe ndiye uliyelipanga, basi nawe niambie. Lakini mleta barua wetu ndiye golikipa wa timu, na baba yako amekwishamwamuru kila barua yako airudishe ilikotoka, na kijana wa watu anamwogopa. Kwa hiyo hata ukinijibu, jibu halitanifikia.

Kula vizuri. Mguu uufunike, huko najua kuna baridi.

Mama yako