Banda Jipya la Kaloleni

Kaloleni, Nairobi
Agosti 1981

Mama mpendwa,

Huku tumeamka wazima, na mwanao Zedekiah ameniachia salamu zako akienda kazini reli. Banda langu nyuma ya nyumba sasa limejaa kuku waliochanjwa, na majirani wananijia mayai tangu asubuhi.

Uliuliza habari za yule mtetea uliyeniletea Pasaka. Nilimwingiza bandani siku ileile, kwani kuku wa mama mkwe hafungiwi kando kama mshukiwa. Kumbe alikuja na kideri. Alikufa yeye, kisha wangu wakaanza kupinda shingo mmoja mmoja. Jirani yangu Aoko akaniambia, "Chinja upesi, nyama isipotee." Nilikataa. Niliwateketeza wote kwa moto, nikapaka banda chokaa, nikaliacha tupu hadi mvua zikaisha. Kuku wa Aoko hawakuguswa, na siku hizi ananiita daktari.

Sikulaumu, Mama. Ila Krismasi uje mikono mitupu. Wakikucheka njiani, waambie unaenda kuchinjiwa na mke wa mwanao.

Mkaza mwanao,
Truphena