Afande, Hapa Mgonjwa Anaweza Kukataa

Afande Chacha,

Nakuandikia nikiwa Homa Bay, nimebaki darasani peke yangu, wenzangu wameenda kula. Najua hutaisoma. Lakini tangu tukuzike kule Kuria sina mtu wa kumuuliza, na mambo yamenichanganya.

Nimeacha jeshi. Nilifanya kama tulivyopanga ulipostaafu: nitoke, nisomee kazi ya ambulensi za raia, nipate leseni. Nilidhani watanipa mtihani kisha gari. Mimi niliyefunga majeraha ya watu risasi zikilia, nani angenifundisha bendeji? Wakaniambia nianze mwanzo, pamoja na vijana waliotoka shule juzi. Wananiita Mathe, yaani mama.

Mtihani wa kwanza wa vitendo nilianguka. Walimlaza kijana sakafuni ajifanye amevunjika mguu. Nikamfikia mbio, nikapasua suruali (yake mwenyewe, tena nzuri), nikaufunga mguu, nikasimama najisifu moyoni. Mwalimu wetu, Madam Awuor, akasema, "Atieno, hujamwambia jina lako. Hujamwomba ruhusa umguse."

Nilitaka kucheka. Ruhusa? Wewe ulinifundisha nini siku ya kwanza kambini? "Majeruhi hapigi kura. Mbebe, atakutukana akipona."

Basi nikajifunza kuomba ruhusa, kama mtu mzima anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Kisha tukapelekwa kwenye ambulensi, mazoezini. Siku moja tukaitwa bomani kwa mzee mmoja upande wa Ndhiwa. Mke wa mwanawe ndiye aliyepiga simu. Tulimkuta mzee ameketi nje, jasho linamtoka, ameshika kifua. Nikajua ni moyo. Nikataja jina langu, nikaomba ruhusa, mikono tayari iko chini ya makwapa yake.

Akasema, "Nyathina, mwanangu, siendi. Mama wa hapa alipanda gari kama hilo, akarudi ndani ya sanduku."

Nikamtazama Madam Awuor. Akatikisa kichwa. "Akili yake ni timamu, na amekataa. Zungumza naye."

Afande, mimi sijui kuzungumza. Najua kuamuru. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikamuuliza marehemu mkewe aliitwa nani. Akaniambia. Nikamuuliza anaogopa nini. Akasema kufa haogopi, ila ng'ombe wake hawajanywa maji. Mke wa mwanawe akaapa kwamba atawapeleka mtoni yeye mwenyewe. Mzee akamtajia ng'ombe mmoja mmoja, ndipo akasema, "Haya, nishike."

Amepona, anatembea. Lakini daktari alisema tulichelewa, moyo umeumia zaidi. Je, ningembeba tu? Asubuhi nasema ndiyo. Jioni nasema hapana.

Na wewe je? Siku ya mazishi mkeo, Mama Robi, aliniambia ilivyokuwa. Ulikuwa mezani, mdomo ukapinda, kikombe kikaanguka. Majirani wakaleta gari wakupeleke Migori, ukang'ang'ania kiti. "Kesho," ulisema. Kesho! Wewe uliyembeba kila mtu, atake asitake! Mbona ulijipa haki uliyotunyima sisi sote? Nilikukasirikia pale pale mbele ya jeneza, watu wakiimba. Bado nimekasirika. Ningekuwepo, ningekubeba ukinitukana, au ningepiga magoti? Na ungenisikiliza? Sijui. Wallahi sijui.

Mtihani niliurudia wiki jana. Nimepita. Vijana wakaniinua juu wakiimba, nami nikalia, wakadhani ni furaha. Labda ilikuwa furaha. Siku hizi siwezi kutofautisha.

Wanakuja sasa, nawasikia nje, acha nimalize.

Pumzika, Afande. Uliyonifundisha sijayatupa, ila sijui niyaweke wapi. Jumamosi nakuja Kuria. Mama Robi ana presha, na kliniki hataki kuisikia; anasema ataenda mavuno yakiisha. Sitambeba. Nakuahidi hili tu: nitaingia shambani naye, nivune mahindi mstari kwa mstari hadi wa mwisho, kisha nitamuuliza.

Wako,
Atieno